Meno ya Chini

Nilikuwa nakwangua sufuria kwa majivu na ndimu, maana mimi ni mtu wa nyumbani na burudani zangu ni za namna hiyo, simu ilipoanza kutetemeka juu ya meza kama mende aliyelala chali. Lile kundi la WhatsApp la sisi tuliopuliza tarumbeta kanisani Kator tulipokuwa watoto, kundi ambalo kwa kawaida huleta picha za maua na sala za kusambaza, lilikuwa limeamka. Afande amefariki. Mwalimu wetu, alfajiri ile, hospitalini. Kabla sijanawa mikono wakaanza kuporomosha sifa: Alitulea. Alitujenga. Bila yeye nisingefika nilipofika. Huyu wa mwisho, kwa taarifa nilizo nazo, amefika kwa shemeji yake na amekataa kuondoka, kwa hiyo sijui anamshukuru marehemu kwa lipi hasa.

Vidole vyangu bado vilinuka majivu na ndimu. Ndivyo tulivyokuwa tunang'arishia shaba enzi zile, tumekaa kwenye ngazi za kanisa na matambara, mikono ikichonyota mahali pote palipochubuka. Nilikaa chini pale jikoni nikingoja machozi, kwa sababu mtu akifiwa na mwalimu wake machozi ni adabu. Hayakuja. Kilichonipanda kooni kilikuwa hasira, tena hasira iliyoiva, ya mtu aliyekuwa akiitunza miaka yote bila kujua kwamba anayo.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Sote tumelelewa na watu ambao tunaambiwa tuwashukuru.

Tulikuwa tumerudi Juba kutoka Uganda, familia mbili ndani ya ua mmoja pale Kator: mama yangu na sisi, na mama mdogo na mwanawe wa pekee, Lado. Ua wetu ulipakana na uzio wa kanisa. Lado alinizidi mwaka mmoja na akili zote. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa wa watu wa ng'ombe, wa kule kaskazini mwa mji, na alikufa Lado akiwa bado mgongoni. Kwa hiyo Lado alikuwa mtoto wa mjini aliyelelewa na wanawake, na watoto wengine hawakumwacha asahau jambo hilo.

Kanisa lilikuwa limeletewa sanduku la ala na waumini wa ng'ambo: tarumbeta, tromboni za kuvuta, pembe moja iliyojikunja kama konokono ambayo hakuna aliyejua inaanzia wapi, na tuba kubwa ambayo mtoto wa sakristani alilala ndani yake siku ya kwanza. Hakuna aliyejua kuzipuliza. Ndipo akapatikana Afande. Alikuwa Mganda, mtu wa Gulu, mwenye kibanda cha vipuri vya baiskeli huko Munuki. Ilisemekana alikuwa amepiga tarumbeta katika bendi ya jeshi kwao, na kabla ya hapo katika okestra Kampala. Sisi tulidhani Okestra ni mtaa. Tombe, aliyekuja kuvuta tromboni, aliwahi kumwuliza kama huko Okestra kuna umeme.

Kiswahili cha Afande kilikuwa cha kambini, kinatembea peku, na ndicho tulichofundishiwa, maana Kiarabu chetu cha Juba hakukijua na Kiingereza chake alikitunza kwa ajili ya padri. Hiki ninachokiandika nilikuja kukivalisha viatu nikiwa sekondari Kenya, ambako mwalimu mmoja alinichapa kwa kusema "mimi iko njaa". Nilikuwa na njaa kweli.

Siku ya kwanza hakutuonyesha tarumbeta yoyote. Alitukagua meno.

"Fungua domo," alisema, na tochi mkononi. Alitupanga mstari, akatumulika mmoja mmoja, akayabonyeza meno yetu ya chini kwa kidole gumba, kama mtu anayenunua mbuzi. "Sikiliza. Meno iko kitanda. Mdomo iko shuka tu. Sasa mtu bila kitanda, yeye nalala wapi?"

Lazima nieleze kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Kwetu wapo watu ambao mtoto akifikia umri fulani hung'olewa meno ya mbele ya chini. Si ajali wala si ugonjwa. Ndivyo mtu anavyokuwa mtu wa kwao. Mstarini siku ile walikuwamo wenye pengo hilo, na Afande hakuwafukuza. Aliwaelekeza tu upande wa pili: "Wewe ngoma. Wewe ngoma. Wewe pia." Haikupita wiki tukawa na wimbo wetu wa kuwachokoza: asiye na kitanda alale na ngoma. Watoto ni watu wabaya sana. Mimi nilikuwa na meno yote na bado nilipuliza kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, lakini nilikuwa na kitanda, basi nikapewa pembe.

Kuna jambo lilitushangaza. Afande hakupuliza. Kila sehemu alituimbia, ta-ra-raa, kwa sauti ya puani, mkono ukiwa karibu na mdomo. Chai aliinywa akiwa amegeukia ukuta, na biskuti aliilowesha mpaka inakaribia kukatika. Sisi tulikuwa na maelezo yetu. Tombe alisema Afande akipuliza kwa nguvu zake zote vioo vya kanisa vitapasuka, na padri amemkataza. Mimi niliamini kwamba anageukia ukuta ili asali kabla ya kunywa, nikamwona mcha Mungu kuliko padri mwenyewe, ambaye alinywa chai yake wazi kabisa, na sukari nyingi.

Na Lado? Lado alichukua tarumbeta kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Sisi tulipuliza mashavu yakavimba, macho yakatoka. Yeye aliweka midomo kwenye kile kikombe kidogo cha shaba na sauti ikatoka imeshapikwa, ina mafuta yake. Afande alikuwa anasimama nyuma yake, kiganja mgongoni kwa Lado, akisikia pumzi inavyoingia. "Hii mtoto haipulizi," alituambia siku moja. "Nyinyi mnapuliza. Hii inaongea." Akamwahidi ubeti wa pekee katika misa ya Krismasi, mbele ya askofu, bendi yote imenyamaza, tarumbeta moja tu. Lado alianza kutembea kwa namna nyingine pale uani. Wale waliokuwa wakimwita mtoto wa wanawake walipunguza.

Ikaja likizo. Baba yake mkubwa, kaka wa marehemu, akaja kumchukua aende kuwaona ndugu zake kwenye kambi ya ng'ombe. Mama mdogo alimfungia karanga kwenye mfuko. Lado akaenda.

Alirudi amekuwa mrefu, au pengine alikuwa amejifunza kusimama. Alicheka makusudi, mara kwa mara, hata pasipo na kichekesho, ili tuone. Meno ya mbele ya chini hayakuwapo. Fizi ilikuwa bado ya waridi, mpya.

"Iliuma?" nilimwuliza.

"Sikulia. Kuna mwingine alilia, tena ana ndevu."

Alikuwa amepewa jina la ng'ombe wa marehemu baba yake. Alituimbia wimbo wa ng'ombe huyo, mikono juu kama pembe, na kina mama wakapiga vigelegele ingawa mama mdogo alifuta jicho moja kwa ncha ya kitenge. Naomba msomaji asikunje uso. Mtoto yule alikuwa hana watu, akarudi na watu. Hasira yangu haiko hapo. Watu wanapenda kuisukumia hapo kwa sababu ni mahali rahisi.

Kwenye mazoezi alimpelekea Afande lile tabasamu kama zawadi. Afande alikuwa anafunga kitasa cha sanduku. Akainua uso, akaona. Hakupiga kelele. Alimshika Lado kidevu, akawasha tochi mchana ule mweupe, akatazama ndani kwa muda mrefu, mpaka Lado akaanza kumeza mate.

"Nani?"

"Watu wetu, Afande."

Alituacha na ala zetu mikononi, akapita mlango wa uzio moja kwa moja hadi uani kwetu. Baba mkubwa alikuwa bado yupo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, chai mkononi, fimbo kati ya magoti. Yeye alisema Kiarabu cha Juba na Afande Kiswahili cha kambini, na mama yangu akawa katikati kama mpira, akitafsiri.

"Umeharibu mtoto," Afande alisema.

"Nimemtengeneza," alijibu baba mkubwa, wala hakuweka chini kikombe. "Alikuwa wa kuokotwa. Sasa ana watu."

"Alikuwa na tarumbeta."

"Tarumbeta itamzika?"

Mama alitafsiri hilo kwa sauti ndogo. Afande alipitisha kidole gumba kwenye mdomo wake wa chini, na mimi, mtoto, nikadhani ameshindwa hoja tu, kama watu wazima wanavyoshindwana kila siku.

"Afande, kaa basi unywe chai," mama alisema.

"Sinywi mbele za watu," akasema, akaondoka.

Kwenye mazoezi yaliyofuata Lado alifika wa kwanza, ameoga, shati limepigwa pasi. Afande alinyoosha kidole upande wa pili wa ukumbi.

"Lado. Ngoma."

"Afande, naomba nijaribu kwanza."

"Hakuna kujaribu. Mimi najua hii kitu."

"Mara moja tu."

"Nimesema najua."

Akaichukua tarumbeta ya Lado, akatutazama sisi wote tulivyopangwa, na kwa sababu ambazo hata malaika hawazijui akanipa mimi. Mimi, Keji, ambaye hata kulia nilikuwa nachelewa kuingia. Pembe yangu ikaenda kwa mwingine. Wale wa ngoma walimfanyia Lado nafasi, na ule wimbo wa kitanda siku hiyo hakuna aliyeuimba. Ndivyo nilivyojua kuwa ni jambo zito.

Tuliruhusiwa kwenda na ala nyumbani kufanya mazoezi. Mimi nilikuwa mvivu na Lado alikuwa na kiu, basi hatukuhitaji kujadiliana. Kila siku adhuhuri, jua likiwa limewafukuza watu wote, alikuwa anaichukua na kwenda nyuma ya choo cha kanisa, kwa sababu ukuta ule wa matofali uliirudisha sauti na hakuna mtu mwenye akili anayekaa hapo kwa hiari. Mimi nililinda, kitambaa puani.

Mwanzo ulikuwa aibu tupu. Hewa, mate, na wakati mwingine damu kidogo ya fizi. Mdomo wa chini ulikunjika ndani kama shuka kweli, Afande hakusema uongo. Nilimwambia aache. Akaniambia ninyamaze, maana hata nikiwa na meno elfu siwezi kumfundisha mtu kitu. Wiki zikapita. Akaanza kukisogeza kikombe. Akakipandisha juu, akakirudisha, akakipeleka pembeni mahali ambapo jino la ubavuni lilikuwa bado limesimama peke yake, akaegemea hapo. Kichwa akakiinamisha kidogo upande, kama mtu anayesikiliza mlango. Siku moja ikatoka sauti moja. Nilishusha kitambaa. Siku iliyofuata zikatoka tatu, na Krismasi ilipokaribia ukatoka ubeti wote. Haikuwa ile sauti yake ya kwanza. Hii ilikuwa na mkwaruzo mdogo pembeni, kama sauti ya mtu aliyelala vibaya, lakini ilikuwa inaongea. Ilikuwa inaongea kuliko zamani.

"Nitamsikilizisha," alisema. "Akishasikia atanirudishia."

Alikuwa na hakika. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, ile hakika yake.

Alasiri moja ya mazoezi tulikuwa ngazini tunang'arisha shaba, na Afande amesimama mlangoni akitusimamia. Lado alikuwa ameshaondoka na tarumbeta yangu. Sauti ikaja kutoka nyuma ya choo. Ule ubeti wa pekee, taratibu, bila kukosea.

Afande alifumba macho. Mkono wake ukaanza kupiga paja lake, polepole, mara moja moja, na midomo ikitembea. Mimi nilihesabu pamoja naye kwa hofu, kwa sababu nilielewa kabisa kinachoendelea: alikuwa anahesabu viboko atakavyompiga Lado. Ubeti ulipokwisha, mkono ukasimama.

"Nani huyo?" aliuliza, macho bado yamefumbwa. "Leteni yeye. Leteni yeye hapa."

Tombe alikimbia. Lado akaja mwenyewe, anang'aa kwa jasho, tarumbeta mikononi, akitabasamu. Na Afande akafungua macho akaliona lile pengo.

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Alishuka ngazi, akaichukua tarumbeta mikononi mwa Lado, wala hakuinyakua, aliichukua kama kitu cha moto. Akafuta kikombe kwa shati lake. Akakiinua hadi karibu kabisa na mdomo wake mwenyewe, na hapo kikakaa. Tulidhani anakagua uchafu. Kisha akakishusha.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Afande, umesikia?"

"Nimeuliza nani alikupa ruhusa. Hii tarumbeta si yako. Wewe ni mwizi."

"Lakini umesikia?"

"Mwizi. Toka kwa bendi yangu."

Nikasema mimi ndiye niliyempa. Hakunisikia, au hakutaka. Lado alisimama pale na mikono yake bado imekaa kama imeshika kitu.

Mama mdogo alikuja na kuku. Alipiga magoti mbele ya Afande, mbele yetu sote, na Lado akapiga magoti pembeni yake, wakaomba msamaha wa wizi. Afande alimwinua mama mdogo haraka, akasema basi, imekwisha, mtoto arudi, ngoma. Kuku hakumchukua. Hilo nalo tulilihesabu kuwa wema.

Krismasi niliupiga ule ubeti mimi. Askofu alitabasamu kama watu wanavyomtabasamia mtoto aliyejikwaa. Nilichelewa kuingia, bila shaka, na ngoma ya Lado ilinisubiri. Angeweza kuniacha niaibike. Alipunguza mwendo, akanishika, akanivusha mpaka mwisho. Baada ya hapo hakugusa tena tarumbeta. Wala hakuomba.

Baadaye mapigano yakatutawanya, mimi nikaishia Kenya na shule yangu, nikarudi, nikajifungia Munuki na sufuria zangu. Kwenda soko la Jebel kwangu ni safari ya kuaga watu. Lado ana kibanda cha kutengeneza pikipiki mitaa miwili kutoka kwangu, karibu na steji ya boda boda. Madereva wanampenda kwa kuwa husikiliza injini kabla ya kuifungua, kichwa kikiwa kimeinama upande.

Basi nikaenda msibani. Nilikaa na wanawake, karibu na mjane, Mama Apio, ambaye tangu zamani alikuwa akitugawia maji ya baridi tukipita kibandani kwao. Watu walimsifu mumewe: ukali wake, nidhamu yake, meno, kitanda na shuka. Walicheka kwa upendo. Mama Apio naye alicheka, akafuta macho, akasema, kwa nia njema kabisa:

"Mzee alikuwa anapenda hiyo kitu, jameni. Nyinyi hamkusikia yeye. Mimi nilisikia, tukiwa Kampala. Watu walikuwa nasimama. Halafu hawa wanajeshi kwa kizuizi cha barabara wakampiga na kitako cha bunduki, hapa, meno yote ya chini ikaenda. Alipata ya bandia. Akajaribu kidogo, ikateleza. Akasema basi, bila meno ya chini hii kitu haiwezekani. Akaweka tarumbeta chini ya kitanda, mpaka leo iko. Miaka yote mimi naye, sijamsikia tena."

Wanawake wakasema pole. Mimi niliweka chini sahani yangu. Wanaonijua wataelewa uzito wa tendo hilo, sahani ilikuwa na nyama.

Maana niliuona tena mkono wa Afande kwenye paja. Havikuwa viboko. Alikuwa anampigia Lado mapigo. Alisikia ubeti mzima, akafurahi kama alivyokuwa hajafurahi miaka mingi, akasema aletwe, na aliyeletwa alikuwa mtoto asiye na meno ya chini. Mtoto aliyekuwa amejaribu kwa wiki nyingi, nyuma ya choo, kitu ambacho yeye mtu mzima alikijaribu kidogo akakiweka chini ya kitanda. Kama Lado anaweza, basi naye angeweza. Kama naye angeweza, basi ukimya wake wote ulikuwa wa bure. Hakuweza kukubali hilo, na ilikuwa rahisi zaidi kumwita mtoto mwizi.

Najua mtaniambia nimhurumie. Namhurumia. Waliomvunja kinywa nina hasira yao pia, chungu changu ni kikubwa na hawatakosa. Lakini wale walimvunja yeye. Lado alivunjwa na mwalimu, mchana, mbele ya rafiki zake, kwa kosa la kufaulu. Mtu anaweza kuumizwa na bado akachagua asilipize kwa mtoto. Hakuna aliyemshika mkono Afande siku ile. Alikuwa na tarumbeta, alikuwa na masikio, alikuwa na Krismasi nzima mbele yake ya kubadili mawazo.

Nilitoka msibani nikapita kwa Lado. Alikuwa chini ya pikipiki. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa pumzi moja. Alitoka taratibu, akakaa kwenye tairi, spana mkononi.

"Kwa hiyo haikuwa wizi," alisema.

"Haikuwa wizi."

"Mimi nilidhani mambo mawili. Kwamba niliiba, na kwamba nilipiga vibaya. Ya kuiba niliomba msamaha. Ya kupiga vibaya nikaacha." Akaiweka spana chini. "Alipiga mapigo mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho wa ubeti. Macho yamefumbwa."

"Kwa hiyo ilikuwa nzuri."

"Lado, ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia kutoka nyuma ya choo."

Alicheka, akaufunika mdomo kwa mkono wenye oili, akageuka upande.

Nikamwambia kesho nitasimama kwenye misa ya kumuaga niseme yote, kila neno, na lile kundi la WhatsApp wayaweke kwenye sala zao za kusambaza. Alitikisa kichwa.

"Usiseme. Yule mama amefiwa."

"Na wewe je?"

"Mimi sijafiwa. Kaa kimya, Keji. Kwanza ukisimama mbele za watu utachelewa kuanza."

Lado ana ubaya mmoja tu, nao ni wema. Nilikubali. Nilikasirika, nikakubali.

Misa ilikuwa palepale Kator, kabla ya mwili kuanza safari ya mpakani Nimule kuelekea kwao Gulu. Tombe ndiye kiongozi wa bendi sasa, kitambi chake hufika kabla yake. Alikuwa amewapanga wazee wa bendi pamoja na watoto wapya tumsindikize Afande hadi kwenye gari. Alipita akigawa ala kutoka lile sanduku. Alipomfikia Lado hakufikiri hata kidogo. Alimpa mkanda wa ngoma.

"Lado, ngoma yako hii."

"Mpe tarumbeta," nilisema.

Tombe alinitazama. "Nani?"

"Lado. Mpe tarumbeta, mimi nipe ngoma."

"Dada Keji," akasema kwa upole, kama tunavyosema na watu wa msibani, "huyu hana kitanda." Wazee wakacheka. Watoto wapya nao wakacheka, kwa hiyo wameshafundishwa. Nilijua hapo kwamba tochi bado inawaka, na kwamba kila mwaka kuna mtoto anayeoneshwa upande wa pili wa ukumbi kabla ya kujaribu hata mara moja, na watu tuliolelewa vizuri ndio tunaoshika tochi.

"Amewahi kupiga bila hayo meno," nilisema. "Nilisikia. Na wewe ulisikia, Tombe. Wewe ndiye uliyetumwa ukamlete."

Tombe alikunja uso, anakumbuka au anajaribu kutokumbuka, sikuweza kujua. Milango ya kanisa ikafunguliwa, jeneza likatoka. Lado alikuwa ameshavaa mkanda begani.

"Wacha, Keji," aliniambia. "Gari linaondoka."

Akapiga pigo la kwanza. Na wanafunzi wa Afande wakaingia kwa wakati mmoja, shingo zimenyooka, pumzi kutoka tumboni, kama alivyotufundisha. Mimi sikupuliza. Nilisimama katikati yao na tarumbeta mkononi, niliyopewa bila kuulizwa, kwa sababu meno yangu yote yapo.